Pindo la Ndani

Mwanzoni wanawake waliniletea vitenge.
Baadaye wakaleta suruali za wanaume,
nyingine na tumbaku bado mfukoni,
moja na risiti ya misumari ya duka la Kanyabayonga,
nami nikajua kazi kabla hawajasema:
pima mtoto, kata, shona,
kitakachobaki, mshonee mdogo wake kofia.

Cherehani yangu iko Birere, barazani.
Mguu wake mmoja nimeuegemeza kwa jiwe la volkano.
Hapa Goma hata kaburi huchimbwa kwa sululu.

Kyakimwa alikuja kutoka kambini siku ya mvua,
mtoto mgongoni, mwingine mkononi,
suruali ya kaki kaiviringisha ndani ya sufuria.
"Ya Katembo," akasema, akamsukuma mbele yule wa mkononi.
Nikachukua mkasi.
Akanishika mkono.
"Usikate. Kunja tu, ndani kwa ndani.
Mwenyewe akirudi ataitaka nzima."

Nikakunja, pindo juu ya pindo,
kiunoni nikabana marinda manane,
mtoto akatoka anatembea
kama aliyefungwa magogo miguuni.
Sikudai hela. Alinipimia kikombe cha maharage,
akakitazama,
akarudisha konzi moja sufuriani.

Kila mwaka nilifumua vidole viwili.
Ndani ya pindo kaki ilikuwa ingali mpya,
rangi ya siku waliyokimbia,
hivyo miguu ya Katembo ikawa na mistari
kama ile ambayo ziwa huacha juu ya mawe likishuka:
hapa shule ilifunguliwa,
hapa shule ikalaza wakimbizi,
hapa kilipita kipindupindu
na mgongo wa mama yake ukawa mtupu.

Mwaka wa tatu alileta kitenge chake mwenyewe.
"Kimenasa mwiba," akasema, "nilipokwenda kuni."
Wenzake aliofuatana nao wakageukia barabara,
wakaitazama chukudu iliyobeba makala
mpaka ikapotea.
Mimi ni fundi. Mpasuko wa mwiba naujua:
huanza na tundu, kisha hufuata uzi.
Huu haukufuata uzi.
Nilikishona kwa mkono, usiku, kwa taa ya simu,
mishono midogo kama mbegu za mchicha,
nikakipiga pasi.
Sikumwona nacho tena.
Nilikiona kwa jirani yake, kimembeba mtoto wa watu.

Jana amerudi.
Katembo nyuma yake, sauti imekwaruza,
pindo limekwisha lote. Suruali ya baba imemkaa
utadhani nilimshonea yeye.
Nikafurahi, nikasema:
Mama Katembo, hapa mimi sina kazi tena.

Hakucheka.
Juzi jioni, alisema, watu walipita kambini.
Waliwapanga wavulana mstari,
wakasimamisha bunduki kando yao, kitako chini.
Aliyeizidi bunduki, huyo ni mkubwa.
Waliondoka na sita.
Katembo alikuwa chooni.

"Basi mkunje," akaniambia.
Mkunje, kama vile mtoto ndiye kitambaa.

Nikapiga magoti, pini mdomoni, tepu shingoni,
nikaurudisha mstari wa mwaka jana,
nikaurudisha wa mwaka juzi,
wa kipindupindu, wa shule,
mpaka kaki ikapanda ikawa kaptula
na vikaonekana vinyweleo vya ndevu za kwanza
vya miguuni, ambavyo siwezi kuvikunja.
Kijana akaelewa bila kuambiwa.
Akalegeza mabega. Akapinda magoti kidogo.
Mama yake akarudi nyuma hatua mbili,
akafumba jicho moja kama anayepima kwa kamba.

"Tena," akasema.
"Tena kidogo."

Nyuma yetu mtu anauza sambaza, anaita bei.

"Hapo," akasema. "Kaa hapo hapo."